Jinsi ya Kuwa Mtani wa Marehemu: Mwongozo wa Makaburi ya Katavi

Aliyewahi kuhudhuria msiba wenye watani anaujua mchezo wao. Jeneza linataka kutoka, mtani amejilaza mlangoni anadai ushuru. Wafiwa wanalia, yeye amevaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa akikohoa, alivyokuwa akihesabu chenji dukani mara tatu, alivyokuwa akitembea ameshika kiuno. Watu wanacheka na machozi yanawatoka. Hakuna anayemkasirikia, kwa sababu wasemaji wengine wote watasema marehemu alikuwa mtu wa watu, na mtani ndiye aliyeruhusiwa kueleza alikuwa mtu gani hasa.

Mwongozo huu unakutaka uichukue kazi hiyo ya mtani, uende nayo kwenye makaburi ya Mkoa wa Katavi. Wageni wengi hushuka Mpanda, wakapanda gari kwenda Sitalike kutazama viboko, kisha wakarudi kwao wakiamini kwamba mji huu ulianza na reli na mgodi. Lakini ardhi ya mkoa huu imepokea askofu aliyedumu miezi isiyofika saba, daktari aliyeuzwa utotoni kando ya mto Niger, kapteni aliyekuja kufundisha tembo kubeba mizigo, na watoto waliokombolewa utumwani wakafa kabla hawajazeeka. Baadhi yao walipata mahubiri marefu siku ya kuzikwa, na wengi hawakupata hata msalaba wa mti. Wote bado wanamhitaji mtani.

MAHITAJI

Kauntabuku moja na kalamu mbili. Simu hujaa picha na kuishiwa chaji, daftari linakubali kila kitu.

Sukari na majani ya chai. Si yako. Ni ya nyumba utakayoingia kuuliza habari.

Dumu dogo la maji na brashi laini. Jiwe lenye kuvu huoshwa kwa maji matupu. Sabuni ya unga, msasa na panga vinafuta herufi ambazo mvua ya miaka mingi ilishindwa kuzifuta.

Kioo cha mkononi, hata kile cha kunyolea. Maandishi yaliyofifia hayasomeki saa sita mchana, jua likiwa utosini. Yasome asubuhi au jioni, mwanga unapolala ubavuni mwa jiwe na kila mchoro ukatoa kivuli chake. Ukichelewa, elekeza mwanga kwa kioo uje kutoka pembeni. Utaona tarakimu ikijitokeza, kisha nyingine, hadi mwaka mzima ukakaa sawa mbele yako.

Nafasi ya kutosha. Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Nenda kiangazi ukiweza. Masika barabara ina maoni yake.

HATUA YA KWANZA: PIGA HODI KWA WALIO HAI

Kaburi lina wenyewe, hata kama majani yamelifunika. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, na kama makaburi ni ya misheni, kwa paroko. Kama ni ya Waislamu, muulize imamu. Usiingie kwanza halafu ukatafuta ruhusa ukiwa umeshikilia fyekeo.

Kisha tafuta mzee. Sema, "Shikamoo babu," usubiri marahaba yako, ukae unapoonyeshwa. Utaulizwa umetoka wapi na wewe ni mtoto wa nani. Jibu kikamilifu, maana mzee anatafuta mahali pa kukuweka: wewe ni mjukuu, mkwe, au mtani? Akikupata, kazi yako imekuwa rahisi. Bibi akikuita "mume wangu" mbele ya watu, itika. Umeshakuwa mjukuu, na mjukuu haulizi habari za wafu kama karani wa sensa. Yeye husimuliwa.

Usitoe daftari kabla ya chai. Na utakapolitoa, omba: "Bibi, naomba niandike nisije nikasahau." Wengi watakubali, na kuanzia hapo watasema polepole kidogo ili usikosee majina.

HATUA YA PILI: ANZA NA MTU MMOJA, NA AWE ATIMAN

Ukitaka kuwajua wafu wote kwa siku moja utatoka na orodha. Chagua mmoja. Kwa Katavi, chagua Adrian Atiman.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ya Wasonghai, kando ya mto Niger, katika eneo ambalo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Mapadre Weupe, ambalo Charles Lavigerie alilianzisha Algiers mwaka 1868, walitoa fedha wakamkomboa. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo katika kisiwa cha Malta ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomee udaktari, na Atiman akawa mmoja wao. Mwaka 1888 alitumwa Afrika Mashariki. Alipanda meli hadi pwani yetu, akafunga safari ya bara kwa miguu pamoja na wapagazi, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikaa hapo akitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kazi katika kituo kimoja.

Hebu ipime miaka hiyo. Alifika wakati utawala wa Wajerumani ulikuwa bado haujafika ziwani kwa nguvu. Aliwaona wakija, akaiona vita iliyoanza mwaka 1914 ikiwaondoa, akawaona Waingereza wakitawala, na alipokufa ilikuwa imebaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru. Watawala wakabadilishana, daktari akabaki yule yule. Alitibu kwa elimu aliyoipata Malta na akajifunza mitishamba kwa watu wa eneo lake, kwa sababu sanduku la dawa lililotoka Ulaya lilisafiri miezi, na homa ya mtoto haisubiri.

Sasa fanya kazi yako. Simama kwa heshima, halafu mtanie: "Daktari, wewe ulialikwa kazini ukahamia moja kwa moja, kama yule mgeni anayekaribishwa chakula cha mchana akaomba na mkeka." Kisha sema sababu, kwa maana utani bila ukweli ni matusi. Waliomkomboa ndio waliomchagulia shule, na ndio waliomchagulia bara la kupeleka elimu yake. Lavigerie alitaka Waafrika waliofunzwa wawe ndio waponyaji na walimu wa Waafrika wenzao, mpango wenye busara nyingi, lakini mtoto aliyetenganishwa na kwao hakuulizwa kama angependa kurudi Niger. Alikuwa ameokolewa, na wakati huohuo alikuwa ametumwa. Mtani anayetaja moja na kuficha la pili hajamtania Atiman, amemtania mfadhili.

Na hapo utaje jina la Agnes Wansahira, mkewe, aliyetoka katika ukoo wa kitemi wa Wabende. Wasimulizi wengi wa habari za Atiman hukimbilia nishani alizopewa. Lakini mtu asiye na ukoo hata mmoja katika nusu ya bara alipata wakwe, mashemeji na watani kwa kumuoa Agnes. Wagonjwa walimwendea daktari, na daktari huyo alikuwa sasa mkwe wa mtu wanayemfahamu. Mtoto wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha ya Atiman kama alivyoyaeleza mwenyewe. Ni bahati kubwa, maana watoto wengi waliopita njia ya Sahara pamoja naye hawakuwahi kuulizwa na mtu.

HATUA YA TATU: SOMA TAREHE KABLA YA CHEO

Jiwe la mkubwa hupenda kuanza na cheo. Wewe anza na miaka. Ukikuta vifo vingi vimebanana katika miaka michache, acha kuhesabu misalaba, tafuta sababu: homa ya malaria, kuhara damu, ndui, malale.

Karema inakupa somo hili kwa maaskofu wawili. Jean-Baptiste Charbonnier, Mfaransa, alipewa daraja la uaskofu Agosti 1887 huko Kipalapala, karibu na Tabora, na Askofu Livinhac wa misheni ya Uganda. Machi 1888 alifariki Karema. Mrithi wake, Léonce Bridoux, aliteuliwa mwaka huohuo wa 1888, na Oktoba 1890 naye alikuwa amekufa, huko Kibanga ng'ambo ya ziwa. Kisha akaja Adolphe Lechaptois, akawa askofu mwaka 1891, na kinyume na matarajio ya kila mtu akaishi. Aliongoza miaka 26, akaandika kitabu kuhusu watu wa mwambao wa Tanganyika kilichochapishwa Algiers mwaka 1913, akafia Karema mwaka 1917.

Weka maisha hayo matatu sambamba utaona jambo ambalo hakuna hotuba ya kaburini ingelisema. Wa kwanza hakuwa mvivu na wa tatu hakuwa mtakatifu zaidi. Tofauti kubwa kati yao ni mwili uliostahimili homa ya ziwani na mwili ulioshindwa. Atiman alikuwa daktari wa Karema katika miaka yote ya Lechaptois. Kwa hiyo mtani mwenye haki akifika kwa askofu aliyedumu, atamwuliza: "Baba Askofu, kitabu umeandika wewe. Kwinini ulipewa na nani?"

HATUA YA NNE: USIOGOPE NGOME

Kabla Karema haijawa misheni ilikuwa kituo cha Wabelgiji. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II aliitisha mkutano Brussels, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ikatangaza kwamba nia yake ni kuchunguza bara na kukomesha biashara ya utumwa. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier alianzisha kituo Karema kwa niaba yake. Mwaka 1885, baada ya Leopold kupata Kongo aliyoitaka na mkutano wa Berlin kwisha, kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ukienda kutafuta ngome karibu na maji usishangae ikiwa mbali. Ilijengwa wakati ziwa limejaa, na miaka iliyofuata ziwa lilipungua likaiacha nchi kavu.

Hapa mtani ana mavuno. Mwaka huo wa 1879, Leopold alilipia tembo wanne kutoka India, wakashushwa baharini Msasani, Dar es Salaam, wakaogelea hadi ufukweni. Hoja ilikuwa kwamba ng'ombe na punda hufa kwa ndorobo, na wapagazi wanagharimu na kutoroka, basi tembo aliyefunzwa angebeba mizigo hadi ziwani. Kapteni Carter akapewa msafara. Mwisho wa mwaka tembo mmoja tu aliingia Karema, naye hakukaa sana akafa. Walipita katika nchi yenye tembo wake wengi, wazima na wanono, na waliokufa ni wale wa kuazima.

Lakini usicheke moja kwa moja. Mwaka 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa safarini kurudi pwani. Walifika Mpimbwe, ambayo leo imo ndani ya Katavi, wakakuta vita: wapiganaji wa Mtemi Mirambo na wa mtawala mwingine aitwaye Simba walikuwa wakiushambulia mji huo. Wote wawili wakauawa humo. Vita ile haikuwa yao. Wala wapagazi wao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Mpimbwe, na wapo waliokufa pamoja nao.

Februari 1882 Kapteni Ramaeckers, mkuu wa Karema baada ya Cambier, alifariki hapo kwa ugonjwa. Mtaje kama kijana aliyefia mbali na mama yake, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baadaye mwaka huohuo akaja Emile Storms. Huyu hakuzikwa Katavi, lakini mtani lazima amfuate. Kutoka Karema alivuka ziwa mwaka 1883 akaanzisha kituo cha Mpala, upande ambao leo ni Kongo. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Mtemi Lusinga wa Watabwa, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms alisafiri na fuvu hilo hadi Ubelgiji, na kwa miongo mingi likawekwa katika makusanyo ya taasisi za Brussels. Storms alichongewa sanamu katika bustani ya jiji hilohilo, na mwaka 2022 ndipo ilipoondolewa.

Kwa hiyo unapoyatembelea makaburi ya Karema, kumbuka yupo jirani wa ng'ambo ambaye mwili ulibaki na kichwa kikasafiri. Jumuiya iliyosema inakuja kukomesha kuuzwa kwa watu ilibeba mtu mmoja kwa vipande. Hili ni la kusemwa kwa sauti, palepale ngomeni, na bila kucheka.

HATUA YA TANO: ULIZA NANI HANA JIWE

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayomtofautisha mtani na mtalii.

Kila jina lililotajwa hapo juu lilifika kwa mabega ya watu. Msafara wa bara ulikuwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake. Tembo wa Carter walikuja na walezi wao kutoka India. Misheni ya Karema ilikusanya watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, ikawajengea makao na vijiji, na ndui na homa havikuuliza nani amekombolewa. Waliozikwa karibu na askofu ni wachache. Waliozikwa karibu na njia ni wengi.

Utawatafutaje? Kwanza, tembea ukitazama mahame. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wa vijiji vilivyotawanyika magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya pamoja ili kuwaepusha na malale. Miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikahamisha watu tena. Kila uhamisho uliacha makaburi nyuma. Mwembe mkubwa katikati ya pori haukupandwa na nyani. Chini yake tafuta jiwe la kusagia lenye shimo lililochimbika katikati, laini kama limepakwa mafuta. Uingize mkono humo. Mwanamke fulani, au mama na binti yake na mkwe wake kwa zamu, walisaga hapo miaka hadi jiwe likakubali. Waliosaga hapo na waliokula unga huo hawakulala mbali na mti huo.

Pili, omba nyimbo na majina ya watoto. Wazee wengi humpa mtoto jina la babu aliyefariki, na ukiuliza "Huyu ameitwa kwa nani?" utafunguliwa kaburi ambalo hakuna ramani inayolionyesha.

HATUA YA SITA: MTEMBELEE ASIYE NA KABURI

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju. Wabende husimulia kwamba roho ya Katabi, mwindaji wao mkuu, imefanya makao humo, na watu huacha sadaka chini yake kuomba baraka, hasa wanapokwenda kuwinda. Hakuna tarehe, hakuna jiwe, na hata hivyo hifadhi na mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 vinaitwa kwa jina lake. Hakuna mtu wa mkoa huu aliyewekewa kumbukumbu kubwa zaidi ya hiyo, na haikugharimu mfuko hata mmoja wa simenti.

Masharti ni mawili. Usiguse kilichoachwa chini ya mti, hata kama unakiona ni kitambaa tu. Na usimtanie Katabi. Kila mtani anajua kuna watu hataniani nao.

HATUA YA SABA: RUDI MJINI

Ukirudi Mpanda, usidhani kazi imekwisha. Kuanzia Kashaulili hadi Makanyagio mji huu umejengwa na watu waliokuja kufanya kazi wakazikwa hapa. Risasi ya Mpanda, ile madini, ilichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili yake reli ya kilomita 210 ilijengwa kutoka Kaliua, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kampuni ikaondoka, reli ikabaki, na vibarua waliokwisha zika wazazi au watoto wao hapa wakabaki na reli yao.

Nenda pia Katumba. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1973 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao, na Mishamo ikafuata mwaka 1978. Walipewa ardhi ya pori, wakafyeka, wakalima, wakaanza kulisha soko la Mpanda. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kati ya pori na cheti ilipita miaka zaidi ya arobaini, na katika miaka hiyo kizazi cha kwanza kilizikwa Katumba kikiwa bado kinaitwa wakimbizi. Angalia misalaba yao: simenti iliyomwagwa kwa mkono, jina limechorwa kwa msumari kabla haijakauka, herufi ya mwisho imebanwa pembeni kwa sababu nafasi ilikwisha. Aliyeandika hakuwa fundi. Alikuwa mtoto wa marehemu, na alitaka jina litoshe.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usipige picha ya kujionyesha umeegemea msalaba. Marehemu hawezi kusogea pembeni.

Usiulize "Hapa kuna dhahabu ya Mjerumani?" Swali hilo limechimbua makaburi mengi nchini na kuwarudishia wachimbaji mifupa ya watu wasio na hatia.

Usichukue jiwe, shanga, msumari wala kipande cha sahani. Umesoma habari za Lusinga.

Usimsifu marehemu kuliko wanavyomsifu majirani. Kama wanasema alikuwa mkali, andika mkali. Kama wanasema alikuwa mkali na alilisha yatima, andika yote mawili katika sentensi moja.

Usisubiri mwaka ujao. Mwenye kumbukumbu za Atiman akitembea Karema ni lazima awe na umri mkubwa leo, na mzee wa namna hiyo hawekwi akiba.

HATUA YA MWISHO: JAZA KARATASI YA MTANI

Kwa kila marehemu, andika mambo sita. Huu ni mfano uliojazwa:

Jina: Adrian Atiman.
Kwao: kando ya mto Niger, kisha Karema.
Kilichomleta: aliibwa, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa, akatumwa.
Kazi: daktari na katekista, 1889 hadi 1956.
Aliyemfanya mwenyeji: Agnes Wansahira na ukoo wake.
Utani wake: alialikwa kazini, akahamia.

Halafu chukua karatasi ya pili, umwandike mtu wa pembeni yake asiye na cheo. Usijaze usichokijua. Acha mstari wazi, maana mstari ulio wazi humuuma mzee anayejua jibu, naye atalitoa.

Daftari likijaa, lisiishie kabatini kwako. Peleka nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na nyingine kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Watoto wa Karema hufundishwa habari za Mkutano wa Berlin kama jambo la Ujerumani, na wanakaa hatua chache kutoka kituo ambacho mkutano huo ulikibadilishia mwenyewe. Wana haki ya kujua kwamba historia hiyo ilipita kwao, ikaugua homa kwao, ikatibiwa na daktari wao.

Lakini kabla ya nakala zote, rudi kwa yule mzee wa mwanzo. Msomee ulichoandika, neno kwa neno, mbele ya familia yake. Akicheka mahali pa utani, umemwelewa marehemu wake. Akisema, "Hapana, haikuwa hivyo," kata mstari, uandike upya palepale huku anakuelekeza, na uongeze jina lake chini kama msimulizi.